Bastola ya zamani ilishwe baruti gani?

Msimu huu wa korosho shemeji yangu anayeishi Texas alikuja likizo Mikindani, na kama ilivyo kawaida ya baraza za huku, mazungumzo yalianzia bei ya mnadani yakaishia kwenye silaha. Huko aliko, kujaza risasi mwenyewe nyumbani ni halali, na watu wanafanya kama starehe ya Jumamosi. Ana bastola ya Webley ya Mark I, inayotumia risasi ya kipimo cha .455, aina iliyoingia jeshini Uingereza mwaka 1887, na risasi zake anazijaza baruti isiyo na moshi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu uaskari wa wanyamapori na aliyekulia kwenye magobore, akamkatalia palepale: "Kijana, chuma cha zamani kipe baruti ya zamani. Utapasukiwa."

Kwetu ubishi huu ni wa mdomo tu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, huwezi kujitengenezea risasi bila kibali, hata kama silaha yenyewe unaimiliki kihalali. Lakini hoja zilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na sikubaliani moja kwa moja na yeyote kati yao.

Mzee ana historia upande wake. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa Ufaransa na Paul Vieille mwaka 1884, na Waingereza wakaja na kodaiti yao 1889. Maana yake Mark I ilipoundwa, kilichokuwepo ni baruti nyeusi: shura, makaa na kiberiti. Silinda yake, ile ngoma inayozunguka yenye matundu ya risasi, ilipimwa kwa baruti hiyo, ambayo ni pole kuliko isiyo na moshi. Chuma cha enzi zile ni laini ukilinganisha na cha leo, na ukiitazama silinda kwa nje utaona vijishimo ambamo ulimi wa kuizuia huingia. Hapo ukuta umebaki mwembamba kuliko popote.

Halafu kuna suala la kukosea kipimo. Ganda la .45 Colt, la bastola maarufu ya Marekani ya 1873, liliundwa libebe greini kama 40 (kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Ukilijaza, limejaa, ukitaka kulitilia mara ya pili, baruti inamwagika mezani. Sasa chukua Bullseye, baruti ya haraka isiyo na moshi inayouzwa tangu 1898. Dozi yake ni kidogo, inakaa chini kabisa ya ganda kubwa kama hilo. Simu ikilia, ukarudi na kusahau ulipoishia, ganda lilelile linameza dozi mbili na bado linaonekana lina nafasi. Ukiivuta triga ndipo utajua.

Shemeji naye hakukaa kimya. Alikumbusha kwamba Waingereza wenyewe walianza kutia kodaiti kwenye risasi za .455 miaka ya 1890, bastola zikiwa zilezile, na mwaka 1897 wakalifupisha ganda kwa sababu kodaiti haikuungua vizuri kwenye nafasi kubwa. Kweli kabisa. Ila hakumalizia: mwaka 1913 ilipotoka Mark V, silinda yake ilipanuliwa kidogo kwa ajili ya baruti mpya. Jeshi lilithubutu kwanza, kisha likaongeza chuma. Na jeshi lina fundi na stoo ya vipuri. Shemeji ana bastola moja yenye umri wa zaidi ya miaka mia.

Hoja yake iliyonigusa ni ya uchafu. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa, inatoka kama moshi mzito, masizi na chumvi. Baada ya risasi chache silinda huanza kukwama. Chumvi hizo hunyonya unyevu, na hapa Mikindani, bahari ikiwa mlangoni, mtutu usiooshwa jioni asubuhi una rangi ya kutu. Mzee mwenyewe alitueleza walivyokuwa wakiosha gobore: maji ya moto yanamiminwa mdomoni mwa mtutu, yanatoka meusi tititi na kunuka yai bovu, unarudia hadi yatoke meupe, mtutu unakaushwa ungali na joto, kisha unapakwa mafuta ya nazi. Mafuta ya mashine hayafai kwa kazi hiyo, yakikutana na masizi hayo yanageuka lami. Shemeji akauliza, ni wangapi wenye subira hiyo? Anaamini bastola nyingi za zamani ziliuawa na kutu, si na presha. Hilo simbishii.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague, naangalia hasara inavyokuja. Baruti nyeusi inamvumilia mtu aliyekosea mzani ila haimvumilii mvivu wa kuosha. Hasara yake inakuja polepole, unaiona na unaweza kuizuia. Isiyo na moshi haidai kuoshwa siku hiyohiyo, lakini kosa la mzani linaondoka na vidole. Kwa Mark I ya shemeji naunga mkono mzee, mradi mwenyewe akubali kuosha. Kama hataki, aitundike ukutani. Kwa Mark VI ya 1915, iliyotengenezwa wakati baruti mpya imeshazoeleka, mzee anazidisha hofu.

Yapo ya katikati. Trail Boss ni baruti isiyo na moshi iliyofanywa nyepesi makusudi ili ijaze ganda, na dozi mbili haziingii; tatizo siku hizi ni adimu madukani hata huko Marekani. Pyrodex inauzwa badala ya nyeusi, lakini mabaki yake nayo yanakula chuma, kwa hiyo ndoo ya maji ya moto iko palepale.

Kuna jambo ambalo wote wawili hawakulitaja, nami nalihofia kuliko baruti yenyewe. Webley nyingi zilizouzwa Marekani zilichongwa nyuma ya silinda ili zimeze risasi ya .45 ACP. Risasi hiyo ya kiwandani inaruhusiwa kufika presha ya pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, wakati .455 ni kama 13,000. Inaingia vizuri tu, na ndiyo hatari yake. Nilimwambia shemeji aitazame silinda yake kabla ya kubishana na mtu yeyote.

Mzee naye alipitiliza mahali pamoja. Alianza kusema kwamba kwa kuwa baruti nyeusi ni pole, basi hata gobore la kienyeji ni salama. Hapana. Silinda ya Webley ilipimwa kiwandani kabla ya kuuzwa. Gobore la bomba la maji halijapimwa na yeyote, na baruti nyeusi yenyewe inawaka kwa cheche ndogo tu. Mbaya zaidi ni wanaopasua risasi za kisasa na kumimina baruti yake kwenye gobore kwa kipimo cha macho kilekile cha nyeusi. Hapo hata mzee alikubali, akasema lake alilisalimisha polisi zamani, na nguruwe wa shambani siku hizi anawafukuza kwa debe.