Toeni mizani ya mhimili stoo

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Majuzi nimeingia maabara ya shule moja ya sekondari nikakuta mizani za mihimili mitatu, zile Ohaus za kupima hadi gramu 610, zimetupwa stoo chini ya viti vibovu. Zimepangwa moja juu ya nyingine, vitanga vimepinda, mishale imekula vumbi. Mezani zimekaa mizani ndogo za betri, za plastiki, zile zinazouzwa pamoja na chaja za simu. Nikauliza kulikoni. Nikaambiwa zile za zamani hazisomi tena.

Hazisomi! Nani aliwahi kuzisafisha? Nani aliinamia akatazama kisu, yale makali ya chuma ambayo mhimili unayumbia juu yake, kimekaaje kwenye vikalio vyake? Hakuna. Kifaa kimeachwa miaka bila kuguswa kwa kitambaa, kisha kinahukumiwa kuwa kimekufa.

Ninachoamini ni hiki: mizani ya mhimili ikikosea, inakuonyesha kwamba inakosea. Mshale unakwama, au unasita, au unarudi pembeni ya sifuri, na mwenye macho anajua kuna jambo. Mizani ya betri ikikosea inakuandikia namba yenye desimali mbili, nyeusi, iliyotulia, na kila aliyesimama mbele yake anaiamini. Kwa maabara ya shule hiyo ni hatari, maana pale ndipo mtoto anapojifunza kutilia shaka kipimo.

Tuchukue mtihani wa vitendo wa kemia. Unatakiwa kuandaa sodiamu kaboneti kavu, gramu 5.3 kwa lita, ili upate 0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita. Mizani ikikudanganya kwa gramu 0.2 tu, taitresheni, ule upimaji wa kudondosha asidi mpaka rangi ibadilike, iliyotakiwa kuishia sentimita za ujazo 25.0 itasogea karibu sentimita moja nzima ya ujazo. Na watoto haohao tunawafundisha kwamba majibu yao yasipishane zaidi ya sentimita za ujazo 0.2. Darasa zima linarudia, linarudia, kila mmoja anadhani mkono wake ndio mbovu.

Ndani ya hizo mizani za betri kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana mzigo ukikaa, na juu yake kimebandikwa kinyuzi cha kupitisha umeme kinachobadilika kadiri chuma kinavyopinda. Chumba kikipata joto la saa saba mchana chini ya bati, namba inaanza kutambaa yenyewe. Ili kuficha kutambaa huko, nyingi zimetengenezwa zijirudishe sifuri bila kuambiwa. Sasa anza kwenye sifuri, udondoshe unga chembe baada ya chembe, polepole: inaweza kuufuta ule unga ikidhani ni joto. Umeongeza kitu, nayo imebaki palepale.

Halafu kuna mvutano wa dunia, jambo ambalo walimu wa fizikia wanalifundisha ubaoni na kulisahau mezani. Mizani ya betri inapima nguvu. London mvutano ni karibu nyutoni 9.81 kwa kila kilo, Dar es Salaam karibu 9.78. Mizani iliyowekwa sawa London ikiletwa Dar bila kurekebishwa, gramu 200 itazisoma kama 199.4. Ipandishe Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, itashuka tena kidogo. Mizani ya mhimili haijali, kwa sababu mvutano unaokivuta kitanga ndio huohuo unaoyavuta mawe ya upande wa pili.

Wako watu huko Marekani wanaojaza risasi zao wenyewe kwa ajili ya shabaha za mbali. Baruti wanaipima kwa greni, na ratili moja ni greni 7,000. Mizani zao za mhimili zinasoma hadi 0.1 ya greni, yaani takriban miligramu 6.5. Baruti ikizidi mno, bunduki inaweza kupasuka mikononi mwa mpigaji, kwa hiyo hawa si watu wa kufanyia kipimo mchezo. Maduka yao yamejaa mizani za elektroniki za kila bei. Bado wapo wanaotafuta kwa udi na uvumba mizani za mtumba za RCBS 10-10, zilizotengenezwa na Ohaus haohao wa New Jersey, kampuni ya tangu 1907, kisha wanakaa nazo jioni nzima wakisafisha visu na kuzijaribu. Sisi tunazo za ukoo huohuo, tumezifanya takataka.

Basi tuzirudishe kazini, na kazi yenyewe haihitaji fundi kutoka ng'ambo. Anza na meza. Tafuta ile ya zege, isiyotikisika, mbali na feni na dirisha. Mizani ikae tambarare kabisa, usiilazimishe kwa kukunja karatasi chini ya mguu mmoja.

Kisha angalia bapa la alumini mwishoni mwa mhimili, linalopita katikati ya sumaku. Kazi yake ni kutuliza mshale usicheze muda mrefu. Hapa ndipo ninapokuta ugonjwa mara nyingi kuliko mahali pengine popote, na chanzo ni sisi wenyewe: unga wa chuma wa somo la sumaku. Unaruka, unanasa kwenye sumaku za mizani, unajenga ndevu zinazolikwaruza bapa. Mshale unakwama, tunasema mizani imekufa. Funga selotepu kwenye kijiti, gundi ikitazama nje, pitisha mle ndani mpaka itoke safi. Dakika tano.

Baada ya hapo inua mhimili utazame kisu. Kifute kwa pamba na spiriti, na vikalio vyake vya akiki pia, viache vikauke. Usitie mafuta. Narudia, usitie mafuta hata tone, kwa kuwa mafuta yanakusanya vumbi na kugeuka uji. Pitisha nyuzi za pamba kwenye makali ya kisu; zikinasa mahali, pana jeraha. Wala usishike tupa kunoa, maana ukisogeza makali umebadilisha urefu wa mkono wa mizani na hesabu yote imevurugika. Unaporudisha mhimili, hakikisha kisu hakisuguani na kingo za pembeni.

Sasa weka sifuri kwa skrubu yake, bonyeza kitanga kidogo kwa kidole, achia. Lazima irudi palepale, kila mara. Ikirudi mahali tofauti, hujamaliza kusafisha. Ikirudi, jaribu wepesi wake. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo ukiikata vipande 50 sawasawa kila kimoja ni kama 0.1. Weka kimoja. Mshale usiposogea kabisa, bado kuna kinachosuguana. Na usome macho yakiwa usawa wa mshale.

Kwa wenye mizani ya vitanga viwili ambayo mikono yake hawaiamini, kuna njia ya Borda, Mfaransa wa karne ya 18. Weka kitu kitanga cha kulia, kisawazishe kwa mchanga kushoto. Ondoa kitu, weka mawe mahali pake mpaka isawazike tena. Mikono ikiwa sawa au isiwe, jibu ni sahihi.

Nakubali, shingo upande, kwamba foleni ya wanafunzi inakwenda haraka zaidi kwa mizani ya betri. Nakubali pia kwamba mizani za elektroniki za bei kubwa zinazosoma miligramu zinaipita hii kwa mbali. Hizo shule zetu hazinunui. Na mizani ya muuza nyama inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Ya maabara ya shule sijawahi kuona mtu akija kuikagua, kwa hiyo mlinzi wake ni sisi.

Ukienda kununua ya mtumba, usivutiwe na uwezo wa kubeba kilo nyingi, tafuta wepesi wa mshale. Nenda na vipande vyako vya karatasi mfukoni. Tazama mhimili kwa urefu wake. Ukiwa umepinda, achana nayo. Telezesha mawe kwenye meno yote uone yanakaa imara. Kitanga kiwe chake cha asili, kwani cha kuazima mara nyingi kinaipeleka sifuri mahali ambapo skrubu haifiki. Rangi iliyobabuka isikutishe. Kisu kilichomegeka ndicho cha kukurudisha nyumbani mikono mitupu.