Nimenyolewa Nusu Sababu ya Toyota

Kelele za mpira kwa kinyozi nimezoea, siasa pia nimezoea, lakini hii ya magari kukimbia masaa 24 ndio imeniharibia kichwa, na sisemi kwa mafumbo jamani, ni hiki hiki kinachoota nywele.

Jumapili saa tisa niko kwa kinyozi Free Area hapa Nakuru, nyumbani nimeacha shati limepigwa pasi juu ya kiti kwa sababu saa kumi na moja nangojewa Njoro kwa wakwe. Nimefungwa kile kitambaa kinachobana shingo kama unadaiwa, mashine inaunguruma vizuri, upande wa kulia umekwisha, tunaelekea kushoto. Sasa kwenye benchi kulikuwa na vijana wawili wa boda wanaangalia simu, mmoja akajitolea kusema eti Toyota haifi. Hakuambiwa aseme. Alisema tu.

Kinyozi akasimama. Mashine juu hewani, haijazimwa, inakula tokeni za stima bure. "Haifi? Wewe 2016 ulikuwa wapi?"

Wacha niwaambie, huyu mtu hajawahi toka nje ya Kenya lakini Le Mans, ile resi ya masaa 24 kule Ufaransa, anaijua kama njia ya choo. Na hawezi kueleza bila kuonyesha, na cha kuonyeshea kilikuwa mimi. Raundi moja kule ni kilomita 13 na ushee, basi akaizungusha yote kichwani mwangu. Sikio la kulia likawa pale magari yanapoanzia, kisogo changu kikawa ile barabara ndefu ya Mulsanne (akapita nayo mbio mpaka nikakunja mabega), halafu tukarudi kwa kona za mbele karibu na nyusi. Ati mvua ilinyesha resi ikaanza polepole nyuma ya gari la usalama, ati Toyota namba 5 ilikuwa na madereva watatu, Davidson, Buemi na Nakajima, wakipokezana usiku kucha, na hiyo kampuni ilikuwa inatafuta hilo kombe tangu miaka ya 80 na ilikuwa bado haijawahi kulishika. Mimi nasema sawa, nyoa basi. Hanisikii.

"Zimebaki kama dakika tatu," akasema, na sauti akaishusha kama mtu anatoa habari za msiba. "Dakika tatu bosi! Baada ya masaa 24! Nakajima yuko mbele, Porsche iko nyuma huko, watu wameanza kulia kwa furaha, halafu jamaa anaita kwa redio, sina nguvu, sina nguvu..."

Mashine ikanyamaza.

Mimi nikadhani ni uigizaji. Nikasema moyoni huyu ana kipaji. Kumbe tokeni zimeisha.

Nikajiangalia kwa kioo. Kulia niko kama karani wa benki, kushoto niko kama mtu ametafutwa wiki mbili. Na unajua hakuna aliyejali? Mjadala ndio ulipata moto. Fundi wa magari wa kibanda cha pili akaingia kusema ati injini haikuwa na shida, ni kiungo cha ile paipu ya hewa kati ya turbo na intercooler (ile ya kupoza hewa) kilichoachia, gari ikakosa pumzi, kitu kidogo tu. Boda wa pili akasema ni mkono wa mtu. Fundi akamwambia basi na Naivasha 2021 pia ni mkono wa mtu, maana dereva Neuville aliingia Jumapili akiongoza Safari Rally kwa karibu dakika nzima, shoki ya nyuma ikavunjika huko Loldia, mwenzake Ogier akajibebea ushindi. "Na Ogier alikuwa na nini? Toyota!" Sasa wakaanza upya, Toyota inakufa, Toyota haifi, na mimi nimekaa hapo na kitambaa shingoni kama mtoto wa chekechea anangoja uji.

Kinyozi alinunua tokeni za hamsini. Pesa ikatoka chap, meseji ya namba ikakataa kuingia. Dakika sita. Dakika kumi. Nikasimama, nikatoa kitambaa, nikaanza kwenda.

"Bosi, mia yangu."

"Mia ya nini?"

"Si nimefanya kazi? Imebaki kaupande tu."

Haki ya nani sijawahi shukuru kusikiliza hadithi za watu kama siku hiyo. Nikamuuliza, Nakajima alimaliza ama hakumaliza? Akasema aliiwasha tena akajikokota mpaka mwisho, lakini ile raundi ilimchukua karibu dakika 12 na sheria inataka isizidi sita, kwa hivyo hawakumhesabu kabisa, hata namba ya mwisho hakupewa. Nikamwambia haya. Na wewe umenikalisha dakika ngapi bila mashine? Benchi lote likacheka, fundi akapiga meza, "Hiyo haijahesabiwa!"

Kinyozi akanuna. Ati Nakajima alirudi 2018 na Buemi na Alonso, wakashinda, na ni yeye mwenyewe aliyeifikisha gari kwa mstari, kwa hivyo nirudi Jumatatu amalizie. Nikampa hamsini ya upande wa kulia tukaachana.

Nikafika Njoro na kofia. Mzee akaniangalia akanyamaza, mashemeji wakaniangalia wakanyamaza, nikakaa vizuri nimegeuza kulia kwa mama mkwe, nikajiambia nikikaa hivi hivi nitafika salama. Chapati zikaja. Kuku akaja. Supu iko mbele yangu inatoa moshi, nishanawa mikono, zimebaki dakika tatu hivi nianze kula.

"Baba, toa kofia tuombe," mama mkwe akasema.

Nikatoa. Akaanza kushukuru kwa chakula, akafumbua jicho moja, akauona ule upande, akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kuombea wagonjwa.