Msikunje hema, bado kuna watu barabarani

Niliingia Tukuyu saa 1 na dakika 12 usiku, nikiwa wa mwisho kati ya watu watano. Nataka niandike sasa hivi, wakati bado nashuka ngazi kwa kushika ukuta, kwa sababu maumivu yakiisha najua nitaanza kulisimulia jambo hili kama vile lilikuwa rahisi.

Tulikuwa watano na hakuna anayelipwa senti kwa michezo. Mimi nina duka la pembejeo Uyole. Wengine ni fundi umeme wa Iringa, mwalimu wa sekondari, dereva wa bodaboda na mwanafunzi wa chuo. Ni wanamichezo wa ridhaa hasa, wale wa kuamka saa 10 na nusu alfajiri, kupanda mlima wa Kawetere na baridi ya Mbeya, kisha saa 2 mtu yuko kazini kwake kama kawaida. Mbio za kawaida tulikuwa tumeshazikimbia. Mwaka huu tukasema tujaribu traiathloni.

Kwa asiyeijua, ni michezo mitatu kwa mkupuo: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na saa haisimami hata unapobadilisha soksi. Ile ndefu kamili ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima ya kilomita 42. Ilianzia Hawaii Februari 1978, baada ya watu kubishana nani ana pumzi zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Wakaunganisha safari tatu ngumu za kisiwa cha Oahu zikawa moja. Walianza 15, wakamaliza 12. Hao nao walikuwa watu wenye kazi zao, na ndiyo maana hadithi yao ilitupa moyo. Sisi tukachukua nusu: kilomita 1.9 majini, 90 kwa baiskeli, 21 kwa miguu. Tungeogelea Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tupande na baiskeli kupitia Ipinda hadi Tukuyu, tupitilize kidogo kuelekea Kiwira ili kilomita zitimie, kisha tukimbie njia ya Masoko na kurudi. Anayeijua barabara ile ameshaelewa tulijitafutia nini. Ziwa Nyasa haliko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu inapita 1,500. Ni kupanda tu, tena na jua la Kyela la Novemba mgongoni.

Mimi sikujua kuogelea mpaka nilipofika miaka 41. Sisi wa nyanda za juu maji kwetu ni ya baridi, na mtoto wa kike akikaribia mto anaitwa arudi. Nilijifunzia kwenye bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 20. Ili kufikisha kilomita 1.9 pale unavuka mara 95, na kila ukigusa ukuta unapumzika nusu sekunde hata kama hutaki kukiri. Ziwani hakuna ukuta. Ndicho kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Wenyeji walituonyesha sehemu ya kuogelea, mbali na mdomo wa mto kwa sababu ya mamba. Saa 12 na nusu asubuhi tukaingia, maji yametulia, milima ya Livingstone imesimama upande mmoja kama imetumbukizwa ziwani ikiwa mizima. Dakika kumi baadaye wenzangu wanne walikuwa vidoti mbele.

Kwa bahati tulimwomba mzee mmoja mvuvi atusindikize na mtumbwi wake, abaki na yule atakayekuwa nyuma. Huyo nilikuwa mimi. Kila nilipogeuza uso kuvuta hewa niliona kitu kilekile: ubavu wa mtumbwi, mweusi, umeliwa kidogo karibu na maji, na kasia linachuruzika. Hakupiga kasia kwa haraka. Alikuwa anaweza kwenda na kurudi mara tatu katika muda ule, lakini alikaa palepale, upana wa mkono mmoja kutoka kwangu, kwa saa moja na dakika kumi. Mara mbili nilisimama wima majini nikikohoa. Mara zote mbili aliweka kasia magotini akasubiri. Alisema maneno machache tu, "Upo, mwanangu. Twende." Nilipokanyaga mchanga nilimwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na sauti yangu haikutoka vizuri.

Baiskeli sitaieleza sana. Ni saa karibu saba za kupanda. Nilipata pancha moja baada ya Ipinda, nikabadilisha tyubu chini ya mwembe watoto wakinihesabia pampu kwa sauti, na kuanzia pale ni gia ndogo, malori ya mpakani Kasumulu yakinipita na joto lao, na migomba inayozidi kuwa mingi kadiri hewa inavyopoa. Niliposhuka Tukuyu ilikuwa inakaribia saa 9 alasiri. Wenzangu wote walikuwa wameshaanza kukimbia, na yule wa bodaboda alikuwa amebakiza kidogo tu amalize.

Hapo nikakaa kwenye jiwe kufunga raba, na kichwa kikanirudisha kwenye siku nyingine.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda kukimbia marathoni kwenye mji mmoja, mbali kidogo na hapa. Nililipa kiingilio kilekile alicholipa kila mtu, nikapewa fulana na namba. Tangazo lilisema tuna saa 6. Kuanzia kilomita ya 30 meza za maji zilikuwa tupu, chupa zimetapakaa chini, vijana waliokuwa wakigawa wameshaondoka. Bodaboda zikaanza kupita kati yetu. Niliingia uwanjani kwa saa 5 na dakika 20, ndani kabisa ya muda walioutangaza wenyewe, nikawakuta wanaume wanne wanakunja hema. Ile kamba ya kumalizia ilikuwa imeshazungushwa kwenye kijiti. Nikauliza nimalizie wapi. Mmoja akanionyesha kwa kidevu, "Ilikuwa hapo." Medali zimeisha, dada, acha namba ya simu tutakupigia. Simu haijapigwa mpaka leo. Nyuma yangu kulikuwa na watu nisiojua idadi yao, na mmoja nilikuwa nimempita kwenye kilomita ya 36, mama wa makamo, anatembea huku ameshika kiuno.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia nani anafika mwisho kwenye mbio zetu, na naomba waandaaji nao waangalie. Ni mwanamke aliyejifungua mwaka juzi anayerudisha mwili wake. Ni mzee wa miaka 60 aliyeambiwa na daktari kwamba sukari imepanda, aanze mazoezi. Ni kijana mnene ambaye mtaani wanamcheka akitoka asubuhi na bado anatoka. Yaani ni walewale tunaowahubiria kila siku kuhusu shinikizo la damu na kukaa sana. Wanatusikia, wanakuja, wanalipa, halafu tunawafundisha kwamba mbio hazikuwa zao. Anayekwenda nyumbani na jibu la "ilikuwa hapo" sidhani kama mwakani anarudi. Mimi nilikaa miezi mitano bila kukimbia.

Najua upande wa pili. Barabara ina vibali, askari wa usalama barabarani wana zamu zao, malori hayawezi kusimamishwa siku nzima kwa ajili ya mama mmoja wa Uyole. Sidai kusubiriwa hadi kesho. Kikomo cha muda ni haki, na kwenye michezo mitatu kinajulikana: ile ndefu kamili ni saa 17, nusu yake kwa kawaida ni saa 8 na nusu. Kwa kipimo hicho mimi Jumamosi ile ningetolewa njiani, na nisingenung'unika, kwa sababu ningekuwa nimeambiwa mapema na ningejua nakwenda kushindana na nini. Ninachodai ni kwamba mkitangaza saa 6, basi maji yawepo saa 6, mtu wa huduma ya kwanza awepo saa 6, hema lisimame saa 6. Kununua katoni nyingine za maji hakushindi bei ya ile jukwaa na spika za muziki. Na medali zihesabiwe kwa idadi ya waliojiandikisha. Hesabu hiyo hata duka langu linaiweza.

Kule Hawaii, kwenye ubingwa wa dunia wa ile ndefu kamili, mjini Kona, saa ya mwisho kuelekea usiku wa manane ndiyo yenye kelele kuliko zote. Mabingwa waliomaliza mchana wanakwenda kuoga, wanakula, kisha wanarudi kwenye mstari kuwapokea wa mwisho. Hakuna anayewalazimisha.

Na sisi Watanzania tuna deni la pekee kwenye jambo hili. Kila mtoto hapa amesimuliwa habari za John Stephen Akhwari kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City, Oktoba 1968: alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani akichechemea wakati mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Tunaisimulia kama hadithi ya moyo wake, na ni kweli. Lakini mimi siku hizi nawafikiria wale wengine. Kulikuwa na watu waliobaki kwenye viti giza likiingia. Kulikuwa na kamera ambayo haikuzimwa. Kama wangekuwa wamekunja vitu vyao wakaondoka, Akhwari angemaliza vilevile na goti lake vilevile, na sisi tusingekuwa na hadithi hiyo. Septemba 2025 tulipiga kelele mbele ya televisheni Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde, na mimi nililia dukani mbele ya mteja. Nchi inayomjua Simbu na Akhwari kwa pamoja inaelewa kwamba mbio zina ncha mbili. Waandaaji wetu waikumbuke na hiyo ya pili.

Nirudi Tukuyu. Mvua ilinikamata kwenye kilomita ya 8 ya kukimbia, mvua ya Rungwe yenyewe, ambayo haianzi kwa matone. Kwenda njia ya Masoko kunateremka na hiyo ndiyo hila yake, kwa sababu kila unachoteremka utakilipa wakati wa kurudi. Niligeuza na kuanza kutembea. Nilikimbia hatua mia, natembea hatua mia, halafu mia ikawa hamsini. Watu waliokuwa wakitoka mashambani na majani ya migomba kichwani walinipa pole bila kuuliza ninafanya nini. Mama mmoja alinipa ndizi mbivu mbili, moja nikaila, nyingine nikashindwa hata kuimenya, vidole vimekufa ganzi.

Giza lilinikuta nimebakiza kama kilomita nne. Ndipo nikasikia pikipiki nyuma, ikapunguza mwendo, haikunipita. Nikageuka. Ni mwenzetu wa bodaboda. Alikuwa amemaliza zaidi ya saa tatu kabla, akaoga, akala, akaazima pikipiki ya watu akaja. Miguu yake ilikuwa imekwisha kama yangu, nilimwona alivyoishusha chini kwa kuibeba na mikono. Nilidhani ataniambia nipande. Hakuniambia. Alisema tu, "Dada, wewe angalia mbele, mimi nakuwekea taa." Akakaa nyuma yangu kwa gia ya kwanza, kilomita nne nzima, akinimulikia madimbwi. Nilipotembea, yeye alikanyaga ardhi akasukuma kwa miguu ili injini isizime.

Tulimalizia uani kwa shangazi wa yule mwenzetu mwalimu, kwani ndiko tulikoacha mabegi. Asubuhi walikuwa wamechora mstari kwa majivu, kutoka nguzo ya mlango hadi mti wa mparachichi. Wenzangu watatu walikuwa wamesimama chini ya paa, wamejifunika mablanketi, na kaka wa Iringa, ambaye basi lake la jioni lilikuwa limeshaondoka, ameshika simu yenye tochi. Shangazi alikuwa uani kwenye mvua na beseni mkononi. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mvua ilikuwa imeusomba mstari mara tatu, na mara tatu ameuchora upya, ile ya mwisho kwa majivu aliyoomba kwa jirani kwa sababu yake yalikuwa yamekwisha. Alipoona taa ya pikipiki inakata kona alimwaga yaliyobaki yote. Nilipoyakanyaga, kwa juu yalikuwa bado makavu.