Hiyo reli ina kilo ngapi?

Nilituma picha kwenye grupu la familia: kipande cha reli kimelala kwenye majani, huku New Hampshire, Marekani. Wa kwanza kujibu ni mjomba wa Korogwe. "Hiyo ina kilo ngapi?"

Nilicheka peke yangu porini. Halafu nikakasirika, maana yeye aliona skrepa ya kuuza tu, na hasira hiyo nikapanda nayo mlima.

Njia ya kupanda mlima Bondcliff inaanzia Lincoln, na karibu kilomita tano za mwanzo ni tambarare kabisa, kwa kuwa hapo ndipo ilipopita treni ya magogo. Tajiri wa mbao, J.E. Henry, alianza kuijenga 1892, ikafungwa 1948. Mataruma mengine yapo hadi leo, yameoza nusu. Nilijikwaa kwayo mpaka nikayazoea. Ukifika zilipokuwa kambi za wakata miti unakuta viatu vya farasi, misumari ya reli, vyuma vya majiko. Vimekaa tu. Sheria inakataza kuviondoa, na vingi havijaondolewa! Mimi natoka ambako kibao cha barabara hakimalizi mwezi kabla ya kung'olewa kikauzwe skrepa.

Nawasikia huko grupuni. "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kupenda kutu." "Wenzako wameshiba." La shibe nakubali, mwenye njaa simlaumu. Lakini wanaopakia skrepa kwenye fuso usiku wa manane wana njaa gani? Mnawajua, na harusi zao mnakula.

Wala sisemi hawa wa huku ni malaika. Henry aliifyeka milima hii vibaya, akaacha matawi makavu kila mahali, na 1907 moto ukaunguza mlima wa Owl's Head. Ndipo 1911 ikapitishwa sheria ya serikali kununua misitu. Miti mingi niliyopita chini yake ilichipua baada ya fujo hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tulikuwa na kikubwa kuliko hiki. Enzi za Wajerumani, magogo ya Shume, juu milimani Usambara, yalishushwa hadi Mkumbara kwa kamba za waya, yakining'inia juu ya genge la mlima, yakakute treni bondeni. Bibi alinisimulia kama hadithi ya majini. Leo mtaje Mkumbara kwa kijana wa Tanga, atakwambia basi linasimama wapi.

Usiku tulilala kambi ya Guyot, chakula tumekifungia kwenye sanduku la chuma dubu wasikile. Alfajiri tukarudi kileleni Mount Bond, mita 1,432, jua linatoka, msitu mtupu pande zote, sikuona bati wala barabara. (Mlima wetu wa Magamba, kule Lushoto, unauzidi kwa mbali, msinione nimesahau.)

Wakati wa kushuka nikaokota msumari mmoja wa reli. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Nikaupimapima mkononi: robo kilo, labda na ushei. Nikaurudisha palepale.

Mjomba bado sijamjibu.