Bafu linaloshushwa na kreni

Ukitaka kuelewa kwa nini kampuni za ujenzi zinahamishia kazi kiwandani, usianze na roboti. Anza na bafu.

Bafu la ghorofani ni chumba kidogo. Mtu mmoja akiinama, wa pili hapati pa kusimama. Hata hivyo lazima apite humo fundi bomba, fundi umeme, mpiga lipu, mpakaji wa dawa ya kuzuia maji, fundi marumaru na fundi rangi, kisha fundi bomba arudi tena kufunga sinki na choo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Wa marumaru akichelewa siku mbili, anayemfuata ameshakwenda saiti nyingine, na kumpata tena inaweza kuchukua wiki. Sasa fikiria hoteli yenye mabafu 300. Mvujo nao unaonekana baada ya dari ya chini kuloa, na hapo mafundi wote wanarushiana lawama.

Kiwandani bafu hilohilo linaundwa likiwa limekaa sakafuni na mafundi wakilizunguka kwa nje. Mabomba yanajazwa maji na kupimwa shinikizo kabla ukuta haujafunikwa. Likifika saiti, kreni inalishusha mahali pake, kioo kikiwa kimeshatundikwa. Naamini kampuni nyingi zimeingia kwenye ujenzi wa kiwandani kwa sababu ya aina hii: zimechoka kulipia kusubiri, na zimechoka kubomoa kilichokwisha kumalizwa.

Kasi ndiyo inayotangazwa zaidi, na ni kweli ipo, kwa kuwa msingi unachimbwa huku wakati vyumba vinatengenezwa kule. Mwaka 2020 hospitali ya Huoshenshan mjini Wuhan, yenye vitanda kama 1,000, ilisimama kwa takriban siku 10. Ila faida ya kasi humfikia kwanza mwenye mradi, anayeanza kupokea wapangaji huku riba ya mkopo haijamlemea. Mkandarasi anachotafuta hasa ni kujua mapema kazi itamgharimu kiasi gani, na mvua isimharibie hesabu.

Halafu kuna suala la watu. Mafundi wanazeeka, na vijana wengi hawataki kazi ya juani juu ya jukwaa la mabomba. Singapore, ambayo ujenzi wake unategemea sana vibarua kutoka nje, haikungoja kampuni zijiamulie. Tangu 2014 baadhi ya viwanja vya serikali vya kujenga nyumba za makazi vinauzwa kwa sharti kwamba nyumba zijengwe kwa vyumba vilivyokamilishwa kiwandani. Minara miwili ya Clement Canopy, yenye ghorofa 40 kila mmoja, ilipandishwa hivyo, chumba juu ya chumba, ikakamilika 2019. Nalipenda sharti hilo, kwa sababu lilimpa mwenye kiwanda kitu ambacho hakuna mtambo unaoweza kumpa: uhakika kwamba kesho kutakuwa na oda.

Hapo ndipo nilipo mimi. Nikisoma maelezo ya kampuni zinazotaka kuingia, naona modeli za kompyuta, mashine za kukata mbao kwa usahihi wa milimita, mikono ya chuma inayochomelea. Yote ni mazuri. Lakini kiwanda kinadai kodi, umeme na mishahara kila mwezi, kuwe na kazi kusiwe na kazi. Katerra, kampuni ya Marekani ya ujenzi wa kiwandani, ilianzishwa 2015, ikapewa mabilioni ya dola na wawekezaji, na 2021 ikafilisika. Nchini Uingereza, Legal & General, kampuni kubwa ya bima na uwekezaji, ilisimamisha kiwanda chake cha nyumba mwaka 2023; vibali vya ujenzi vilikawia na oda hazikufika kiasi cha kukilisha. Mitambo ilikuwepo, tena ya kisasa. Japani, Sekisui Heim wanauza nyumba za kiwandani tangu 1971, kwa sababu wateja hawajaacha kuja.

Lingine linalowakwamisha wengi ni maamuzi. Saiti ya kawaida inavumilia mteja anayebadili mawazo. Ukuta unavunjwa, unajengwa upya. Kiwandani, swichi ikishapangiwa mahali pake kwenye modeli, kuihamisha ni kuvuruga mstari mzima wa uzalishaji. Kampuni isiyoweza kumwambia mteja wake "amua sasa" itateseka.

Viungio navyo si vya kudharauliwa. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka ghorofa ya 18 ya Ronan Point, jengo la paneli za zege mjini London, na kona nzima ikaporomoka kwa sababu paneli hazikufungamanishwa vya kutosha. Watu wanne walifariki. Mkaguzi anayesimama mahali chumba kinapokutana na chumba anastahili muda wote anaouomba, hata kama kreni inalipiwa kwa saa.

Kwa hiyo ningekuwa mkurugenzi, kabla ya kuagiza mtambo wowote ningeweka mezani mikataba iliyokwisha kusainiwa, bila kuchanganya na ahadi. Kama haitoshi kukilisha kiwanda kwa miaka mitatu, ningenunua mabafu kwa mwenye kiwanda tayari, niyafunge kwenye jengo moja, nione vijana wangu wanajifunza nini.