Buku tano zangu na daktari wa meno

Jamani acheni tu. Mwaka mzima napiga kazi, bosi kanipa likizo, nikasema safari hii harusi za ukoo sichangi wala siendi, naenda zangu Ukerewe kwa dada alikoolewa nikae chini ya mwembe nisome kitabu kama wale matajiri wa Capri Point hapa Mwanza. Pale Makoroboi nikaokota cha mtumba, upelelezi, jalada lina kisu na damu, nyuma wameandika hutapata usingizi. Buku tano. Nikalipa bila hata kuomba nipunguziwe, mimi!

Usingizi niliupata. Kwa meli kutoka bandari ya Kaskazini mpaka Nansio ni masaa matatu na ushee, nikashtuka tunafika na niko ukurasa wa 11, mpelelezi kasimama dirishani anaangalia mvua. Ukurasa wa 60 bado anaangalia mvua. Kwao hainyeshi? Halafu hali huyu mtu, kurasa 412 anaishi kwa kahawa na sigara, mimi huku naletewa sato wa kuchoma mpaka naona aibu, nusura nimbakizie mkia.

Sasa baba mkwe wa dada, mvuvi wa zamani, Kiingereza hakipandi kabisa, kila jioni ananiuliza haya mwanangu, wameshamkamata? Namsimulia. Siku ya pili tu akasema muuaji ni shemeji wa marehemu, yule anayelia msibani kuliko mjane, mashemeji si watu. Pale nyumbani shemeji ndio mimi, na nina sato mdomoni, nikameza na mwiba. Ila moyoni nikamcheka, nikasema mzee hizi ni akili za wenzetu, subiri.

Nikasubiri. Ukurasa wa 391, muuaji ni daktari wa meno. DAKTARI WA MENO! Katokea wapi? Kitabu kizima hakuna hata mtu kaumwa jino! Sungusungu wetu wa Usukumani, wale walioanza mwanzoni mwa miaka ya 80 kusaka wezi wa ng'ombe, hawana maabara wala makoti marefu, lakini angalau wakikuletea mwizi ni mtu unayemjua, mmekaa naye kilabuni.

Mzee nilishindwa kumwambia. Nikadanganya ni shemeji kweli, akacheka mpaka akakohoa, akaagiza sato mwingine.

Kurudi nikakiacha makusudi kwenye kiti. Nishashuka, nishapita geti, dogo mmoja ananikimbilia jasho linamtoka, mzee umesahau kitabu chako! Ikabidi nimpe buku ya soda. Jumla buku sita hizo.

Jana nimemkuta mama watoto anacho, yuko ukurasa wa 200, mboga inaungua jikoni, ananinyooshea kidole usiniambie, usiniambie, mimi nishamjua, ni yule shemeji. Nikamwambia soma mama, soma tu.