Tumemsifu ami miaka yote bila kumuuliza kitu

Usiku wa Jumatatu, tarehe 8 Agosti 2022, Kenya nzima ilikuwa ikingoja kupambazuke ipige kura. Mimi nilikuwa Birmingham, Uingereza, nimekaa mbele ya runinga ya jirani yangu Msomali, tunatazama sherehe za kufunga Michezo ya Jumuiya ya Madola. Simu haikutulia. Kila kundi la WhatsApp la Lamu lilikuwa na lake kuhusu ugavana, nani kahamia kwa nani, nani kala pesa za nani. Hakuna aliyeuliza habari za michezo, nami sikumlaumu mtu. Furaha yetu tulishaila siku tano kabla, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Siku hiyo nilikuwemo uwanjani Alexander, mjini mle mle, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, na nyuma yangu mzee mmoja wa Kimombasa akawa anarudia jina moja tu kama anayevuta uradi: Seraphino Antao, Seraphino Antao. Antao, mtoto wa Mombasa, alishinda yadi 100 na yadi 220 kule Perth mwaka 1962. Miaka 60 mzee huyo alikuwa akingoja.

Lakini nataka kuzungumzia gita, na kupitia gita, zumari ya ami yangu kule Lamu.

Mwisho mwisho wa sherehe gita la umeme likaanza kunguruma, zito, kama lori linalopanda mlima na mzigo. Akatokeza mzee kavaa nguo nyeusi, anapiga kwa mkono wa kushoto, katulia kama mtu anayesubiri feri. Kisha akatokea mwenziwe, mwimbaji, ambaye hakuwa ametangazwa kabisa, na uwanja mzima ukasimama. Jirani akaniuliza hawa ni nani. Nikamwambia sijui. Miaka mitatu naishi katika mji ule, na hao ndio waliouvumisha duniani kwa muziki: Tony Iommi, miaka 74, na Ozzy Osbourne, 73, waliokulia mtaa wa Aston, kundi lao Black Sabbath walilianzisha mwaka 1968. Jirani akasema kelele zao zitamwamsha mtoto, akapunguza sauti. Kwangu mimi mambo yangeishia hapo.

Yakanifuata kazini. Nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, na usiku wa Jumanne chumba cha mapumziko kilikuwa kimegeuka baraza. Hawa ni watu ambao kwa kawaida kila mmoja anakula sandwichi yake akitazama ukuta. Usiku ule walikuwa wakikatizana maneno. Mmoja anashikilia kwamba zile sauti zilirekodiwa kabla, hakuna aliyepiga kitu pale. Wa pili anasema hapana, yeye kasikia mahali gita lilipotangulia ngoma kidogo, na kitu kilichorekodiwa hakikosei namna hiyo. Wa tatu anasikitika kwamba kwenye ufunguzi, tarehe 28 Julai, Iommi alipopiga pamoja na mpiga saksafoni Soweto Kinch, ndipo alipopiga hasa, na hakuna aliyelijali hilo kwa sababu Ozzy hakuwepo. Mambo ya unene wa nyuzi, mambo ya spika, mwaka gani alilegeza nyuzi kiasi gani. Nikawa nasikiliza kama mtoto aliyepeleka kahawa barazani akasahau kuondoka.

Kisha mzee wa tanuri, ambaye hazungumzi sana, akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza yenye vumbi la unga. Akaupiga ukingo wa kiganja cha pili juu ya kidole cha kati na cha pete, pale penye pingili ya mwisho. "Hapa," akasema. Iommi alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha bati mjini mle mle, siku yake ya mwisho kabisa kabla ya kwenda kupiga muziki, na mashine ya kukandamiza bati ikamkata ncha za vidole viwili. Na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ndio wa kubania nyuzi. Yaani mashine ilichagua.

Msimamizi wake akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gita aliyeungua mkono katika moto mwaka 1928 na akaendelea kupiga kwa vidole viwili. Basi kijana akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akafinyanga vikofia vya vidole, akavibandika ngozi juu ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwake, akatafuta nyembamba. Baadaye akawa anazilegeza zaidi, sauti ikashuka, ikawa nzito. Ule mngurumo uliotaka kumwamsha mtoto wa jirani una deni kubwa kwa bati la kiwandani.

Mzee alipoondoa mkono, alama ya vidole ilibaki kwenye unga. Msimamizi wetu akaja kutuuliza kama tunajua saa.

Nami nilitia neno moja, sifichi, kwa kuona wivu. Walipofika kwenye sherehe za kufunga Olimpiki ya London, tarehe 12 Agosti 2012, Brian May wa kundi la Queen na gita lake, na marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi hilo, akiwaongoza watu kuitikia sauti zake kutoka kwenye skrini, nikawaambia: huyo mzaliwa wa Unguja, 1946. Wawili walikuwa wanajua. Mmoja alitaka kujua Unguja ni umbali gani kutoka kwetu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu pale kuniuliza kwetu ni wapi. Vipimo vya nyuzi za Iommi wanavyo vichwani. Mimi waliyebeba naye kreti miaka mitatu, kisiwa changu walikuwa hawajakiuliza. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuwasifia Wazungu.

Jumatano nikampigia ami. Ami ni ndugu ya baba, mpiga zumari, na yeyote aliyesimama Lamu wakati wa Maulidi, mfungo sita, akaona goma linavyokwenda, kanzu na bakora zikiyumba pamoja taratibu kama tanga lisilo na haraka, ameshamsikia hata kama hamjui. Nilikuwa nimemtumia kipande cha video, zaidi kwa mzaha. Baada ya salamu, na baada ya kuniinulia kidole chenye wino wa kura kunionyesha ametimiza wajibu, akaniambia:

"Yule bwana wako kavaa nini vidoleni?"

Simu yake ina ufa katikati ya kioo. Video ilikuwa na giza na fataki. Mimi nilikuwa nimetazama runinga kubwa na sikuona kitu. Nikamsimulia habari ya kiwanda na chupa ya sabuni. Akanyamaza kidogo, akacheka kwa pua. "Kama mimi na meno," akasema.

Meno gani, ami?

Hapo ndipo nilipojua. Mwaka ule nilipotiwa chuoni kusoma Kurani, yeye aling'oka meno mawili ya mbele, ya chini, alipoteleza bandarini. Zumari ukiipuliza, midomo inaegemea kile kidude cha duara, na mashavu yanakuwa mfuko: unavuta pumzi kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma, ndiyo maana sauti haikatiki hata wacheza goma wachoke. Yeye baada ya meno kutoka, pumzi ikawa inamtoroka upande mmoja. Akachonga duara jipya la kifuu, pana zaidi na limebonyea kidogo kushoto. Ulimi wa jani akaukata mfupi na kuufunga uzi kwa kulegeza, ili usidai nguvu nyingi. Sauti ikabadilika. Ile sauti ya ami iliyoparara kidogo, ambayo sisi nyumbani tumekuwa tukisema ndiyo baraka yake aliyopewa na Mungu, ilianza mwaka huo, kwa sababu ya utelezi wa bandarini na kisu kidogo.

Nimekula naye sinia moja tangu nina akili. Nimemwona akicheka, akipiga mswaki, akinywa kahawa. Meno sikuyaona.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuza."

Kwa Kiamu kuuza ni kuuliza. Kwa Kiswahili cha redio ni kumtia mtu bei. Nimelibeba neno hilo kwa maana zote mbili tangu siku ile, maana hilo la pili nalo hatukumfanyia: wanaokuja na kamera kutoka Nairobi na Ulaya humtunza noti moja, wakaondoka na sauti.

Basi hoja yangu ndiyo hii, na najua wako watakaochukia. Ughaibuni mzee wa gita wanampa uwanja na fataki. Hilo silitamani, fataki zinakwisha, na wazee wengi wa mji huu nawaona wanazungumza na mashine ya kulipia dukani kwa kukosa mtu. Kwetu ami anapiga barabarani, watoto wamemzunguka miguuni, na hakuna siku aliyostaafu hata arudishwe kwa shangwe. Ninachokitamani ni yale mabishano ya chumba cha mikate. Yule aliyesema gita lilitangulia ngoma alikuwa akimheshimu Iommi kuliko yeyote wetu aliyewahi kumwambia ami "mashaallah, leo umepiga." Mashaallah inafunga mlango. Ukishaitamka huna la kuuliza tena.

Na msiniambie sisi si watu wa kubishana kwa kina. Nendeni pale Mkunguni, mbele ya Ngome, wiki moja baada ya mashindano ya mashua. Watu watakwambia chombo fulani kilipoteza wapi: kilipobisha dhidi ya upepo kikachelewa kulegeza demani, kamba ya tanga, foromali, mti wa tanga, ilikuwa nzito kwa upepo ule, tanga jipya bado halijakaa, nahodha alimsikiliza shemeji yake. Watakutajia nani alikata tanga na nani alishona. Nimesikia mzee akieleza mashindano ya kabla mimi sijazaliwa, mkondo unavyokwenda, mifuko ya mchanga mingapi, nani alining'inia kwenye ubao nje ya ubavu akaanguka. Hayo ni maarifa matupu, nayo yanapitishwa bila kitabu. Hata punda wa mashindano ana ukoo unaojulikana. Mpiga zumari je? Siwa zetu, yale mabaragumu makubwa ya sherehe, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, zimeandikwa vitabuni, zimepimwa urefu. Waliozipuliza, mimi simjui hata mmoja kwa jina.

Wako watakaosema zumari na Maulidi vina mjadala wake kwa wanazuoni. Najua, nimelelewa katikati ya mjadala huo na leo siuingii. Nasema tu kwamba hata anayelikataza goma hajui ami anavyovuta pumzi.

Rafiki yangu mmoja aliyeko Doha aliponisikia aliniambia: wewe umekwenda Ulaya umejifunza kushabikia. Labda. Siku hizi nikishuka stesheni ya New Street napita chini ya yule fahali mkubwa wa mashine aliyekuwa kwenye sherehe za ufunguzi, wamempa jina la Ozzy, na Julai 2025 Ozzy alipofariki, siku 17 tu baada ya kuaga mashabiki wake uwanjani Villa Park, watu walijaa Broad Street kumsindikiza. Mzee wa tanuri aliomba ruhusa ya siku nzima. Mimi nilimshikia zamu.

Aliporudi kazini, kama shukrani nadhani, akaniomba nimsikilizishe huyo ami yangu ninayemtaja kila siku. Nilikuwa na sauti moja simuni, dakika sita, goma la Maulidi, imerekodiwa na binamu yangu akiwa juu ya ukuta. Akavaa vile visikilizio, akafumba macho, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Akairudisha mwanzo. Akairudisha tena. Kisha akaniuliza maswali matatu: ni ya mwaka gani, nani yuko kwenye ngoma kubwa, na kwa nini dakika ya nne ngoma moja inayumba.

Sikuwa na jibu hata moja. Nikamwandikia ami pale pale, huko kwetu ilikuwa saa kumi kasoro za alfajiri. Jibu likaja baada ya sala, ujumbe wa sauti, nyuma yake punda analia na mtu anafagia. Akataja mwaka. Akataja majina ya wapiga ngoma wote watatu, na majina ya baba zao, na mtaa wa kila mmoja. Kuhusu dakika ya nne alisema yule wa tatu alichelewa kwa sababu kofia ilimdondokea machoni, na nimwambie huyo mzee wa mikate kwamba kosa si la zumari.